Uliza Bi Mwalimu: Umelinganisha na Nini?

Barua za mwezi huu zimetoka Maweni hadi Ngomeni, na nyingi zinauliza jambo moja kwa midomo tofauti: nitajuaje kama hiki ndicho kilicholeta kile? Nimechagua tano. Wale walionitumia za majini na ndoto, nendeni kwa wenyewe. Mimi miaka yangu yote nimepanga mirija na mizani kwenye maabara za shule hapa Malindi, na majini hawakuwahi kuja kwenye kipindi.

*Shikamoo Bi Mwalimu. Mimi nauza mahamri na mbaazi asubuhi hapa Maweni. Tangu nibadilishe hamira, nikaanza ile ya pakiti nyekundu, mahamri yanafura kama puto. Dada yangu anasema si hamira, ni joto la kaskazi. Tumebishana mpaka wateja wanatucheka. Nani mkweli?*

Marahaba, mwanangu. Hadi hapo mlipofika hakuna mkweli wala mwongo, kwa kuwa mambo mawili yamebadilika kwa pamoja: pakiti na hali ya hewa. Dada yako ana hoja nzuri kuliko unavyomdhania. Hamira ni viumbe hai, wadogo mno. Wanakula sukari wanatoa hewa ukaa, ile ile inayotoa povu kwenye soda, na hiyo ndiyo inayoufurisha unga. Wanapenda joto la digrii 30 na kitu. Ukiwatia kwenye tui linalochemka wanakufa, na wakati wa baridi ya kusi wanafanya kazi kivivu. Kwa hivyo joto peke yake laweza kuleta unachokiona.

Basi fanyeni hivi. Chukua unga, tuseme kilo moja, kutoka mfuko mmoja. Gawa nusu kwa nusu kwa mizani. Usipime kwa kikombe, maana leo utashindilia, kesho utaacha. Sukari, iliki na tui vitoke chombo kimoja, vigawanywe sawasawa. Nusu ya kwanza itie hamira ya zamani, nusu ya pili ya pakiti nyekundu, uzito ule ule. Kisha kata donge la gramu 100 kutoka kila upande, lishindilie kwenye glasi ya chai iliyonyooka, ufunge mpira wa kufungia pesa pale unga ulipofika. Baada ya saa moja chukua rula upime umepanda kiasi gani juu ya mpira. Rula, si jicho. Jicho la mwenye hamira nyekundu huona hamira nyekundu imepanda.

Sasa hoja ya dada. Usitengeneze glasi mbili, tengeneza nne. Mbili, moja ya kila hamira, ziwekwe karibu na jiko. Mbili nyingine ziwekwe kwenye beseni la maji baridi. Hapo mtaona kama pakiti nyekundu inashinda kote kote, au inashinda penye joto tu, au penye joto zote zinapanda sawa na penye baridi zote zinalala. Huenda nyote wawili mna haki, na mabishano yote yale yalikuwa ya bure.

Kuna mitego mitatu. Wa kwanza ni hamira ya zamani yenyewe. Ulipoiacha, ile pakiti ilikuwa imekaa wazi jikoni kwa muda gani? Hamira ikikaa na unyevu wa pwani hufa polepole. Ukilinganisha pakiti iliyofunguliwa leo na iliyofunguliwa mwezi jana, umelinganisha umri, hukulinganisha aina. Nunua mpya zote mbili.

Wa pili ni mikono. Donge unalolikanda kwanza linaanza kuumuka huku unakanda la pili. Hesabu saa ya kila donge tangu lilipoingia kwenye glasi, na siku ya pili ugeuze, lililokuwa la mwisho liwe la kwanza. Dada asikande moja nawe ukakanda lingine, maana mikono yenu si mamoja.

Wa tatu ndio watu wengi hawaujui, hata walionipitia mimi. Kabla ya yote, chukua donge moja, hamira moja, uligawe kwenye glasi mbili, uziweke pamoja. Utashangaa, hazitapanda sawa. Labda zitapishana nusu sentimita, bila sababu yoyote unayoweza kuitaja. Sasa unajua: hamira mbili zikipishana nusu sentimita, hujaona kitu. Zikipishana sentimita tatu, na asubuhi nyingine tena tatu, na nyingine tena, hapo zungumza.

Na kama mnataka kujua ladha, mtu mwingine apange sahani, aandike alama chini yake, na wewe unayewapa wateja usijue ipi ni ipi. Ukijua, uso wako utawaambia. Mteja wa mahamri humsoma muuzaji kabla hajauma.

*Bi Mwalimu, niko Kidato cha Tatu. Tulichemsha maji kwenye maabara, kundi letu likapata digrii 97. Kitabu kinasema 100. Mwenzangu akaandika 100 na tukapewa alama zote. Kuna ubaya?*

Upo. Mwenzako hakufanya jaribio, alinakili kitabu huku moto ukiwaka, na gesi ya shule ni ghali.

Hebu tuifuate hiyo 97. Malindi iko usawa wa bahari, kwa hivyo maji safi hapa yanatakiwa yachemke kwenye 100 au karibu sana. Mngekuwa Nairobi, mita 1,700 juu ya bahari, nisingestuka mkisoma hata 94, kwa kuwa kule hewa inakandamiza kidogo. Chumvi nayo haiwezi kuwa sababu: maji ya bahari huchemka nusu digrii hivi juu ya 100, si chini. Basi imebaki nini? Imebaki kipimajoto, na ninyi wenyewe. Mlikizamisha vya kutosha, au ncha tu? Mlisoma lini? Vile vipovu vidogo vya kwanza si kuchemka, ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji inatoka. Watoto wengi husoma hapo hapo. Omba barafu, iache iyeyuke kwenye bilauri, utie kipimajoto kwenye mchanganyiko wa barafu na maji. Kikisoma sifuri, ni kizima kwa upande huo na kosa mlitafute kwenu. Kikisoma 3 chini ya sifuri, tatizo ni lake.

Kwenye daftari andika 97. Chini yake andika unachokishuku na ulivyokihakikisha. Mwalimu anayejua kazi atakupa alama kwa hizo sentensi mbili.

Nikupe kisa. Mwishoni mwa karne ya 19 huko Uingereza, Lord Rayleigh alikuwa akipima uzito wa naitrojeni. Aliyoitoa kwenye hewa ilikuwa nzito kidogo kuliko aliyoitengeneza kwa kemikali. Tofauti yenyewe ilikuwa kama nusu ya asilimia moja. Angekuwa na tabia ya mwenzako angeisawazisha akaenda kunywa chai. Alirudia, ikabaki pale pale. Yeye na William Ramsay wakaifuata, na mwaka 1894 wakatangaza kwamba ndani ya hewa mna gesi ambayo hakuna aliyekuwa ameitambua: agoni. Ni karibu asilimia moja ya kila pumzi unayovuta. Mwaka 1904 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel, mmoja ya fizikia na mwingine ya kemia.

*Bi Mwalimu, mimi ni mzee wa Mambrui. Nilishikwa na homa, nikanywa maji ya mwarobaini siku tatu, nikapona. Wajukuu zangu wa chuo wanasema huo si ushahidi. Mtu aliyepona mwenyewe si ushahidi, ushahidi ni nini?*

Shikamoo baba. Kupona kwako nakuamini, na nashukuru Mungu. Ninachouliza ni kingine: usingelikunywa, ungekuwaje siku ya tatu? Wewe huwezi kunijibu, mimi siwezi, na wajukuu vilevile. Homa nyingi huondoka zenyewe, umekunywa mwarobaini au umekunywa uji. Ndiyo maana mtu mmoja aliyepona hatoshi, hata akiwa mkweli kama wewe. Tunahitaji waliokunywa na wasiokunywa, wagonjwa wa namna moja, wakae pamoja.

Kisa kingine cha hapa hapa kwetu. Ile nguzo ya Vasco da Gama tunayopeleka wageni kuipiga picha haisemi habari ya wagonjwa wake. Mabaharia wake walikuwa wakiugua kiseyeye: fizi zinavimba, zinatoka damu, mtu anaisha nguvu. Aprili 1498 walifika Mombasa, wakaletewa machungwa na malimau, wagonjwa wakapata nafuu. Mmoja wao aliyekuwa akiandika habari za safari akasema ni kwa sababu hewa ya Mombasa ni nzuri. Wakaja Malindi, wakapata rubani, wakavuka hadi Kalikuti ya Bara Hindi. Kurudi, bahari iliwaweka karibu miezi mitatu, wakafa kiasi cha watu 30 njiani. Januari 1499 wakatia nanga tena Malindi, na wagonjwa wakatamani machungwa, yakatafutwa. Lakini safari hii wengi walikuwa wameshazidiwa, wakafia hapa. Mwandishi yule yule akasema ni hewa ya mahali. Mombasa hewa ilisifiwa, Malindi hewa ikatukanwa, na matunda yalikuwa mkononi mara zote mbili.

Ilichukua karibu miaka 250 mtu kufanya jambo rahisi. Mwaka 1747 James Lind, daktari wa manowari ya Kiingereza iitwayo Salisbury, alichukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, hali zao zikikaribiana. Akawalaza sehemu moja, akawapa chakula kimoja, kisha akawagawa wawili wawili. Wawili walipewa siki, wawili maji ya bahari, wawili maji yenye asidi kali iliyozimuliwa, wawili divai ya matofaa, wawili mchanganyiko wa vitunguu saumu na viungo. Wawili wa mwisho walipewa kila siku machungwa mawili na limau moja. Matunda yaliisha siku ya sita, na mmoja wa wale wawili alikuwa ameshafaa kurudi kazini. Wenziwe wa siki na maji ya bahari walikuwa bado wanalia na fizi zao. Watu 12 ni wachache sana kwa kipimo cha leo, ila angalia alichofanya: kila dawa ilikuwa na jirani wa kulinganishwa naye. Na bado jeshi la maji la Uingereza lilingoja hadi 1795 ndipo likaamuru maji ya limau yatolewe kwa mabaharia. Kwa ubishi, Wazungu nao hawajambo.

Baba, sisemi mti hauna dawa. Dawa ya malaria tunayomeza sasa asili yake ni mmea wa Kichina, na bibi aliyeongoza kazi ya kuitoa, Tu Youyou, alipewa Nobel mwaka 2015. Lakini ule mmea ulipitishwa kwenye mizani kwanza. Na homa ikikurudia, nenda kwanza ukatolewe damu kidoleni. Mwarobaini hautakimbia.

*Bi Mwalimu, mimi ni mama wa watoto watatu, Ganda. Wametujia watu wa utafiti, wanasema kuna chanjo mpya, watoto watapangwa kwa kura, wengine wapate hiyo na wengine chanjo nyingine. Kama ni nzuri, si wapewe wote? Kama si nzuri, mbona waijaribu kwa wetu? Mume wangu anasema tunafanywa panya.*

Mwanangu, hili swali lako ni zito na mumeo hakukosea kuuliza. Sitakwambia ukubali wala ukatae. Nitakwambia kura ni ya nini.

Kama wangewaacha wazazi wachague, wangejitokeza kwanza wale walio karibu na zahanati, wenye neti, wenye nauli. Watoto wao huugua kidogo hata bila chanjo. Mwishoni chanjo ingesifiwa kwa kazi ya neti na nauli. Kura inachanganya wenye nacho na wasio nacho pande zote mbili, na hakuna daktari anayeweza kumpendelea mtoto wa jirani yake. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilipimwa hivyo kuanzia 2009 katika nchi saba za Afrika, Kilifi yetu ikiwemo, kwa watoto zaidi ya 15,000. Wale wa upande wa pili hawakuachwa mikono mitupu: wakubwa kidogo walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, wachanga chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote nne, malaria ilipungua kwa zaidi ya theluthi. Shirika la Afya Duniani likaipitisha mwaka 2021. Na neti zilizotiwa dawa, ambazo leo tunaziona jambo la kawaida, zilipimwa hapa hapa Kilifi miaka ya 1990: vijiji vingine vilipata kwanza, vingine vikangoja. Vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa theluthi.

Swali lako la pili ndilo linalonifanya niiheshimu kura. "Kama ni nzuri" — nani amejua? Zamani kila daktari alijua kwamba mtoto mwenye homa kali aliyepoteza nguvu, mikono imekuwa baridi, anatakiwa amiminiwe maji mengi ya dripu haraka. Ilikuwa imeandikwa kwenye miongozo. Utafiti ukafanywa katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi ikiwa mojawapo, watoto 3,141, kwa kura. Waliomiminiwa maji ya haraka walikufa zaidi: katika saa 48, kiasi cha 10.5 kwa kila 100, na wasiomiminiwa 7.3. Kamati iliyokuwa ikizikagua hesabu kando ikashauri kazi isimamishwe kabla ya muda, matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Bila wale watoto wa upande wa pili, madaktari wangeendelea kumimina, na kila mtoto aliyepona angehesabiwa kuwa ushahidi wa dripu.

Sasa haki zako. Lazima waeleze kwa lugha unayoielewa, uulize mpaka uchoke, na usitie sahihi siku hiyo hiyo kama hujaridhika. Waweza kukataa, waweza kukubali kisha ukajitoa, na mtoto ataendelea kutibiwa kama kawaida. Waulize: upande wa pili wanapata nini? Mtoto wangu akidhurika nani anagharamia? Mkiona ni nzuri, waliokosa watapewa lini? Kamati gani ya maadili imepitisha, na nampigia nani nikiwa na malalamiko? Anayenuna kwa maswali haya, mfungulie mlango atoke.

*Bi Mwalimu, mimi mvuvi wa Ngomeni. Wazee wetu wanasema usiku wa mbalamwezi nyavu hazipati kitu. Wewe kila mara unasema "fanya jaribio". Mwezi nitauzima vipi?*

Hutauzima, na huna haja. Huko huko Ngomeni, kwenye jukwaa la Waitaliano baharini, tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa satelaiti ikapewa jina Uhuru, kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kutazama miale ya eksirei angani. Ikaorodhesha vyanzo 339. Hakuna aliyegusa nyota hata moja. Walitazama kwa mpango, wakaandika, wakalinganisha.

Nawe unalo jambo zuri la kulinganisha. Wazee wanasema mbalamwezi, lakini mwezi mpevu unakuja na vitu viwili, mwanga na bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa kwa nguvu. Utajuaje samaki wamekimbia mwanga au mkondo? Bamvua huja mara mbili kwa mwezi: mwezi ukiwa mpevu, na mwezi ukiwa kiza kabisa. Maji yanakaribiana nguvu, mwanga ni tofauti. Basi linganisha bamvua ya mpevu na bamvua ya kiza, usilinganishe na maji mafu, yale yanayojaa na kupwa kidogo. Nyavu ziwe zile zile, mwamba ule ule, saa za kukaa majini zile zile. Andika upepo. Andika kilo, na usiku uliorudi mtupu uandike sifuri, usiuruke. Wavuvi hukumbuka usiku mkubwa wakausahau mtupu, na hivyo ndivyo mwezi unavyosingiziwa au kusifiwa.

Usifanye kwa kusi moja tu. Endelea mpaka uwe na kusi na kaskazi zote mbili kwenye daftari. Na usiku nitakaoutafuta wa kwanza ukiniletea ni ule wa mwezi mpevu wenye mawingu mazito, bamvua ipo na mwanga haupo. Uwekee alama.